Kiranja wa Kaizari

Nilipokuwa kidato cha pili nilikuwa monita wa darasa. Kazi yangu kubwa, mwalimu akitoka, ilikuwa kuandika majina ya wapiga kelele kwenye kikaratasi. Naikumbuka raha ya kazi ile, na leo naisema wazi: ilikuwa raha kweli. Watu wanaokuzidi kifua, wanaokunyang'anya andazi lako saa ya mapumziko, wote wanakunyenyekea kwa dakika arobaini. Siku moja niliandika jina la rafiki yangu ambaye hakuwa amefungua mdomo. Tulikuwa na ugomvi wetu mdogo wa kalamu, basi. Akachapwa viboko vinne. Mimi nilisimama pembeni nimemshikia mwalimu kitabu chake.

Nimemaliza shule, nipo mtaani, naandika riwaya. Muswada wangu umefika kurasa mia na themanini za mkono. Adui wa hadithi ni meneja mwenye kitambi, anayecheka kama fisi na kuwafukuza watu kazi kila baada ya kurasa kumi. Mshikaji mmoja wa kijiweni kwetu, tunaposomeana kazi zetu Jumamosi, alinisikiliza hadi mwisho akasema: "Huyu meneja wako mimi simwogopi. Sijawahi kukutana naye." Niliudhika wiki nzima. Halafu kwenye vitabu vya mitumba, vile vinavyotandikwa kando ya barabara, nikaokota riwaya ya Mjerumani mmoja. Nimeisoma kwa siku nne. Sasa namwelewa mshikaji, na ndiyo sababu ya makala hii.

Riwaya yenyewe inaitwa Der Untertan, imeandikwa na Heinrich Mann. Mimi nimeisoma kwa Kiingereza, ambako tafsiri moja inaitwa Man of Straw na nyingine The Loyal Subject. Hayo majina mawili yanaonyesha jinsi watafsiri walivyohangaika. Untertan ni mtu aliye chini ya mtawala. Sio mtumwa, maana mtumwa huenda anatamani kutoroka. Huyu hatamani. Ningeitafsiri kwa Kiswahili ningeiita "Mtiifu", neno ambalo shuleni lilikuwa sifa kwenye ripoti zetu.

Kabla ya kuingia ndani, tuwekane sawa kuhusu historia, maana bila hiyo utamu wa kitabu unapotea. Ujerumani kama nchi moja ni changa kuliko wengi wetu tunavyodhani. Hadi katikati ya karne ya 19 palikuwa na falme, tawala ndogondogo na miji huru, kila mahali na mkubwa wake. Mwaka 1848 wanasheria, maprofesa na mafundi walijaribu kuiunganisha kwa bunge na katiba, wakashindwa. Aliyefaulu ni Otto von Bismarck, waziri mkuu wa Prussia, na alifaulu kwa vita vitatu: dhidi ya Denmark mwaka 1864, dhidi ya Austria mwaka 1866, na dhidi ya Ufaransa mwaka 1870 hadi 1871. Tarehe 18 Januari 1871 mfalme wa Prussia akatangazwa Kaizari, tena si Berlin bali Versailles, ndani ya kasri la wafalme wa Ufaransa iliyokuwa imeshindwa. Wanaume wa miaka 25 na kuendelea wakapewa kura ya kuchagua bunge, lakini kansela aliteuliwa na Kaizari na aliwajibika kwa Kaizari, sio kwa bunge. Yaani unapiga kura, kisha mkubwa anachagua nani atawale.

Heinrich Mann alizaliwa mjini Lübeck mwaka huohuo, 1871. Yeye na dola lile ni rika moja. Kaizari anayetawala ndani ya riwaya ni Wilhelm wa Pili, aliyeshika kiti mwaka 1888 na kumwondoa Bismarck mwaka 1890. Ni Kaizari wa hotuba ndefu, sharubu zilizosimama na mavazi ya kijeshi.

Mhusika mkuu ni Diederich Hessling, mtoto wa mwenye kiwanda kidogo cha karatasi katika mji wa kubuni uitwao Netzig. Ni mtoto laini, mwoga. Anamwogopa baba, anamwogopa mwalimu, anamwogopa polisi. Lakini Mann anaona jambo ambalo mimi nililiishi nikalinyamazia: kwamba mwoga anaweza kuipenda ile nguvu inayomtisha. Siku ya kuzaliwa ya mwalimu wao, wanafunzi wanapamba meza yake. Diederich anakwenda mbali zaidi, anaizungushia mapambo hata fimbo. Na alipopata nafasi ya kuwa mkubwa japo kwa dakika chache, alitengeneza msalaba juu ya meza ya mwalimu akamlazimisha mtoto pekee wa Kiyahudi darasani apige magoti mbele yake. Wenzake wakamshangilia. Akajisikia kama mji mzima uko mgongoni mwake.

Niliposoma hapo nilikifunga kitabu kwanza. Kile kikaratasi changu cha majina kilinirudia.

Diederich anakwenda kusoma Berlin. Anajiunga na chama cha wanafunzi kinachoitwa Neuteutonia, ambako kazi ni kunywa bia kwa amri na kupigana kwa panga ili upate kovu la heshima usoni. Anampata msichana, Agnes, anayempenda kwa dhati. Anamtumia, anamwacha, na baba wa binti anapokuja kumbembeleza aoe, Diederich anamjibu kwamba maadili yake hayamruhusu kuoa msichana asiye bikira. Eti maadili! Jeshini anatafuta njia ya kutoka kwa kisingizio cha mguu, kisha akirudi nyumbani anasimulia jinsi alivyolipenda jeshi. Mwaka 1892 wasio na kazi wanaandamana Berlin, Kaizari anapita juu ya farasi, naye Diederich anamkimbilia akipiga kelele za shangwe hadi anateleza na kukaa kwenye dimbwi la matope. Kaizari anamwona, anacheka. Kwa mtu mwingine hiyo ingekuwa aibu. Kwa Diederich ni siku kuu ya maisha yake.

Baadaye anarithi kiwanda na kuanza kupanda. Anawakemea wafanyakazi wake kwa maneno ya Kaizari. Anaiga sharubu za Kaizari. Askari anapompiga risasi na kumuua mfanyakazi mtaani Netzig, Diederich akiwa na wenzake walevi anatunga simu ya maandishi ya kumpongeza askari, kana kwamba imetoka kwa Kaizari mwenyewe, na gazeti linaichapa. Kilichonichekesha na kunitisha kwa pamoja ni kwamba Berlin haikanushi. Mtiifu amemjua bwana wake kiasi kwamba anaweza kusema badala yake. Mwishowe kiwanda kinatengeneza karatasi za chooni zenye misemo ya kizalendo, chapa yake "Nguvu ya Dunia". Mann hajaeleza falsafa yoyote hapo. Ameweka karatasi ya chooni mezani akakuachia wewe ufikiri.

Sasa tuje kwenye hukumu, maana uhakiki si muhtasari.

Lawama ambayo msomaji wa kwanza angeitoa ni kwamba Diederich ni kikaragosi. Shuleni tulifundishwa kugawa wahusika, bapa huku na duara kule, na mwanafunzi wa kidato cha nne angemweka Diederich kwenye bapa bila kusita, apate alama zake. Habadiliki. Anaanza mwoga mkatili, anamaliza mwoga mkatili mwenye nishani. Mimi nasema tusome vizuri. Kuna mahali dada yake, Emmi, anaharibiwa na luteni mmoja wa kikabaila. Diederich anakwenda kudai ndoa. Luteni anamjibu jibu lilelile ambalo Diederich alimpa baba wa Agnes. Lilelile! Kwa kurasa chache jamaa anakuwa mtu, anamwonea dada yake huruma ya kweli, na sisi tunamwonea yeye huruma. Kisha hasira inazimika na kugeuka heshima: anaanza kumsifu moyoni luteni kwa kuwa na kiburi kile. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa Mann hakushindwa kumchora mtu kamili. Anatuonyesha mtu kamili akikataa kuwa mtu, kwa hiari yake. Hiyo ni ngumu kuliko kuandika kitambi na kicheko cha fisi.

Lawama ya pili ni nzito zaidi, na hii naiunga mkono. Mann anawadharau karibu wote. Mtu mwema wa kitabu ni mzee Buck, aliyepigania uhuru mwaka 1848, lakini ni mzee anayekufa na wakati wake. Mwanawe Wolfgang ni wakili hodari anayeona kila kitu na hafanyi kitu. Katika kesi ya kumkashifu Kaizari, ambayo Diederich ndiye aliyeichochea, Wolfgang anasimama kumtetea mshtakiwa na kuichambua tabia ya Diederich mbele ya mahakama nzima. Anasema vizuri sana, na mshtakiwa anafungwa vilevile. Baadaye Wolfgang anaacha uwakili na kwenda kuwa mwigizaji. Mwenye kukisoma Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951, atauona udugu wa vitabu hivi viwili: nchi au mji wa kubuni, mahakama katikati, na maneno kama silaha pekee ya mnyonge. Ila Shaaban Robert aliamini kwamba utetezi mzuri unaweza kumgeuza mfalme. Mann hakuamini hivyo. Mimi nikiwa Mswahili nilitamani Karama aingie Netzig akasema neno moja tu.

Na wafanyakazi je? Kiongozi wao kitabuni, Napoleon Fischer wa chama cha Kisoshalisti, anafanya biashara ya chini kwa chini na Diederich: nipe hiki nami nitakupa kile. Ni kejeli kali na huenda ilikuwa na ukweli wake. Lakini historia imeijibu, na nitaeleza.

Mann alimaliza riwaya mwaka 1914. Ilikuwa imeanza kutoka kwa mfululizo katika jarida, vita vilipoanza mwezi Agosti ikasimamishwa. Kitabu kamili kilipata kuuzwa Ujerumani mwaka 1918, baada ya Kaizari kukimbilia Uholanzi na Wajerumani wapatao milioni mbili kufia vitani. Watu wakakigombea. Tangu hapo imekuwa mazoea kusema kwamba Mann alimtabiri Hitler. Maneno hayo ni matamu na wahakiki wanayapenda. Mimi nayakataa nusu.

Nayakubali hivi: bila akina Diederich hakuna dikteta anayeweza kutawala. Dikteta mmoja hawezi kuandika majina ya mji mzima, anahitaji mamonita. Lakini ukisema Diederich wa mwaka 1892 ndiye aliyeleta mwaka 1933, unaruka miaka ambayo watu walikuwa na uchaguzi mkononi. Baada ya vita Wajerumani walipata jamhuri, katiba ya mwaka 1919, na wanawake wakapiga kura. Halafu yakaja masharti ya mkataba wa Versailles. Mwaka 1923 fedha ikaoza hadi dola moja ya Marekani ikauzwa kwa marki 4,200,000,000,000. Ikaja nafuu ya miaka michache, kisha mdororo wa dunia ulioanza mwaka 1929. Mwaka 1928 chama cha Hitler kilipata asilimia 2.6 tu ya kura. Mwaka 1930 kikapata 18.3. Julai 1932, watu wapatao milioni sita wakiwa hawana kazi, kikapata 37.3. Novemba mwaka huohuo kikashuka hadi 33.1. Umeona? Kilikuwa kinashuka! Hakikupata kamwe nusu ya kura katika uchaguzi huru. Tarehe 30 Januari 1933 rais Hindenburg, jenerali mzee, alimteua Hitler kuwa kansela kwa ushauri wa wakubwa kama Franz von Papen, waliodhani watamwendesha wanavyotaka. Mlango ulifunguliwa kutoka ndani.

Kwa sehemu hiyo ya historia nakushauri usome riwaya nyingine, Kleiner Mann, was nun? ya Hans Fallada, iliyotoka mwaka 1932 wakati mambo yanachemka. Mhusika wake, Pinneberg, ni muuza nguo dukani Berlin. Ana mke anayempenda na mtoto mchanga. Dukani wanawekewa kiwango cha mauzo kila mwezi, usipokifikia unaondoka, na wenzako wanaanza kukuangalia kwa jicho la nani afuate. Anapoteza kazi. Wanahamia kwenye kibanda cha bustani nje ya mji. Siku moja amesimama mbele ya kioo cha duka mjini, nguo zimechakaa, polisi anamsukuma aondoke kwenye njia ya waungwana, na yeye anaona kwa mara ya kwanza kwamba hayumo tena kati ya watu. Pinneberg si Diederich. Hapendi fimbo, hamchomi mtu kwa wakubwa. Amechoka tu, anaogopa njaa. Weka hizi riwaya mbili pamoja utaona udikteta unavyopikwa: mmoja anaishangilia nguvu, mwingine amebanwa na kodi ya nyumba hata hana pumzi ya kuipinga. Fallada ana huruma ambayo Mann hana. Mann ana hasira ambayo Fallada hana. Mwandishi kijana anazihitaji zote mbili.

Na ile kejeli ya Napoleon Fischer? Tarehe 23 Machi 1933 bunge la Ujerumani lilipigia kura sheria ya kumpa Hitler mamlaka ya kutunga sheria bila bunge. Waliokubali walikuwa 444. Waliokataa walikuwa 94, wote wa chama kilekile cha Social Democrats ambacho Fischer anakiwakilisha kitabuni. Wabunge wa Kikomunisti hawakuwemo, maana walikuwa wamekamatwa au wanajificha. Ndani ya ukumbi wanamgambo wa Nazi wamejipanga, na Otto Wels akasimama akasema hapana kwa niaba ya wenzake. Riwaya ya Mann haina nafasi ya mtu wa namna hiyo. Huo ndio upungufu wa kejeli: inamwona mwoga hadi kwenye mifupa, ila shujaa wa kawaida anaipita bila kuonekana. Mann mwenyewe alifukuzwa katika Akademia ya Sanaa ya Prussia Februari 1933, akakimbilia Ufaransa, vitabu vyake vikachomwa moto mwezi Mei, akavuliwa uraia Agosti. Alifia Marekani mwaka 1950. Aliyewacheka watiifu hakuwa mtiifu.

Linabaki jambo letu sisi. Kaizari anayeabudiwa na Diederich ndiye aliyekuwa na sura yake kwenye rupia za Tanganyika ya Wajerumani. Hadi leo tunasema "hela", neno lililotoka kwenye sarafu yao, na tunasema "shule", neno lao pia. Vita vya Majimaji vilipiganwa mwaka 1905 hadi 1907. Mann alianza kuandika maelezo ya kwanza ya riwaya hii mwaka 1906. Wakati anamchora mtiifu akiwa Ujerumani, Wajerumani wa huku walikuwa wanachoma mashamba ya kusini, na makadirio ya baadhi ya wanahistoria kuhusu waliokufa, wengi wao kwa njaa, yanafika watu 300,000. "Nguvu ya Dunia" ya Diederich ilikuwa inafanya kazi, lakini kitabuni imebaki zaidi kwenye karatasi ya chooni. Simlaumu Mann kwa kutoandika hadithi yetu. Nasema imebaki kazi.

Kuna mtu mmoja aliyepita katikati ya historia hizo mbili. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Akiwa mtoto alitumika na jeshi la Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1929 alikwenda Berlin kudai mshahara wa vita, akabaki huko, akawa mhudumu wa mkahawa, akafundisha Kiswahili, akaigiza katika filamu, hata ile ya Kinazi iliyomtukuza Carl Peters. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kosa la uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, na akafa katika kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Abdulrazak Gurnah ameigusa njia inayofanana na hiyo katika riwaya yake Afterlives ya mwaka 2020, na ameigusa vizuri. Lakini nafasi haijajaa. Huyu mtu aliidai haki yake kwa dola lililomtumia tangu mtoto. Alikuwa mtiifu? Alikuwa mjanja? Alikuwa anatafuta riziki kama Pinneberg? Maswali hayo hayajibiwi kwa meneja mwenye kitambi.

Ndugu waandishi wenzangu, ombi langu ni dogo. Tukiandika juu ya uonevu tuache kuanza na mwonevu mkubwa, yule wa kwenye gari jeusi. Tuanze na anayemfungulia mlango, anayeandika majina, anayecheka mkubwa akicheka. Tena tumpe sababu zake, zile ambazo hata sisi tungekuwa nazo. Na tusimsahau aliyekataa, maana naye yupo, ni mmoja kati ya wengi.

Mimi nimerudi sura ya kwanza. Meneja nimemwondolea kitambi. Nimempa utoto, nimempa darasa lenye wanafunzi hamsini, na nimempa rafiki waliyegombana kwa ajili ya kalamu. Sura hiyo imenichukua wiki tatu na bado ni mbaya, lakini Jumamosi iliyopita niliisoma kijiweni. Yule mshikaji hakusema kitu kwa muda. Halafu akaniuliza huyo rafiki aliyechapwa siku hizi yuko wapi. Sikuwa na jibu. Nimeanza kumtafuta.